Shimo la Shinkolobwe: Tuulize Mbele ya Mlango Kufunguliwa

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa redio. Yamechapishwa hapa ili yasomwe kwa sauti katika vikao vya mtaa, makanisani, misikitini na katika kambi za watu waliohama.)

  

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya shimo moja. Jina lake ni Shinkolobwe. Liko upande wa magharibi wa mji wa Likasi, kadiri ya kilometa 20, katika teritware ya Kambove, huko Katanga. Ndimo ilimotoka sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu la atomiki lililoangushwa juu ya mji wa Hiroshima, inchi ya Japani, tarehe 6 Agosti 1945.

Pengine mtauliza: mazungumzo ya amani yana kazi gani na mawe? Jibu ni hili. Shimo hilo limefunguliwa na kufungwa mara nyingi, na kila mara watu wa karibu walijua habari wakati mambo yalikuwa yamekwisha kukatwa mahali pengine. Mtu anayeshtukizwa hivyo hawezi kugombana na wale waliokata maneno, kwa sababu wako mbali. Hugombana na jirani yake, aliye karibu. Kwa hiyo tunataka mjue mambo ya zamani ya shimo hilo, ili siku likitajwa tena muwe na maswali tayari, na msitupiane mawe ninyi kwa ninyi.

1. Jinsi lilivyofunguliwa na kufungwa

Mwaka 1915, Mwingereza mmoja, Robert Sharp, aliyetafuta madini kwa kazi ya kompani Union Minière du Haut-Katanga, aliona mawe ya uraniumu mahali pale. Mgodi ukaanza kazi mwaka 1921. Wakati huo hakuna aliyetaka uraniumu yenyewe. Walitaka radiumu, kitu kidogo sana kinachopatikana ndani ya mawe hayo na kilichotumiwa na waganga kwa kutibu kansa. Mawe yalipelekwa Ubelgiji, katika kiwanda cha Olen. Bei ya radiumu ilikuwa ya ajabu: mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga pesa wakamnunulia mwanasayansi Marie Curie gramu moja tu, na gramu hiyo ilikuwa na bei ya dola 100,000. Kwa miaka kadhaa radiumu ya Kongo ilitawala soko la dunia.

Kisha Kanada nao wakapata mawe kama hayo, na bei ikashuka. Mwaka 1937 mgodi ukafungwa, na mashimo yakajaa maji. Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Vita ya pili ya dunia ikaja. Mwezi wa Agosti 1939, mwanasayansi Albert Einstein alimwandikia rais wa Marekani, Roosevelt, kwamba uraniumu inaweza kutoa bomu la nguvu isiyopata kuonekana, na kwamba chanzo kikubwa cha uraniumu ni Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1940, mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma New York kadiri ya tani 1,200 za mawe yaliyokuwa yamekwisha kuchimbwa. Yaliwekwa katika gala huko Staten Island. Tarehe 18 Septemba 1942, ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimwendea Sengier ofisini, na siku ile ile wakapatana. Mawe hayo yalikuwa na uraniumu nyingi kupita mawe ya mahali pengine popote: mengine sehemu 65 kwa 100.

Lakini tani hizo hazikutosha. Mwaka 1944 Wamarekani wakasaidia kutoa maji, na mgodi ukafunguliwa tena. Tarehe 26 Septemba 1944, Ubelgiji, Marekani na Uingereza walitia sahihi mkataba juu ya uraniumu ya Kongo. Hakuna Mkongomani aliyekaa kwenye meza hiyo. Mawe yalipanda treni mpaka Ilebo, iliyoitwa wakati ule Port-Francqui. Kutoka hapo yalishuka kwa mashua mpaka Léopoldville, tena treni mpaka Matadi, kisha bahari. Wale waliochimba na kubeba hawakuambiwa ni mawe ya kazi gani. Jina la Shinkolobwe lenyewe lilifichwa. Kule Hiroshima, kadiri ya watu 140,000 walikuwa wamekufa mpaka mwisho wa mwaka 1945. Mwaka 1946 Marekani ilimvika Sengier nishani. Wachimbaji hawakuvikwa kitu.

Nyuma ya vita kazi iliendelea, nyuma ya uzio na askari, kwa sababu Marekani na Urusi walikuwa wanashindana kutengeneza mabomu. Uhuru ulipokaribia mwaka 1960, Wabelgiji walifunga mgodi na kuziba njia za chini kwa saruji. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni. Siku kumi na moja tu nyuma yake, Katanga ilitangaza kujitenga na inchi, na mali ya migodi ilikuwa ndani ya maneno hayo. Damu iliyomwagika mpaka Januari 1963 mnaijua, ao wazazi wenu waliwasimulia. Hiyo ndiyo mara ya pili ya kufungwa.

Mara ya tatu haikufunguliwa na kompani. Ilifunguliwa na njaa. Tangu mgodi wa Kamoto ulipoanguka mwezi wa Septemba 1990, Gécamines ilizidi kudhoofika. Mishahara ikakatika, na vita ya 1996 na ya 1998 ikahamisha watu wengi. Mwishoni mwa miaka hiyo, maelfu ya wachimbaji wa mkono walikuja Shinkolobwe na majembe, nyundo na mifuko. Hawakutafuta uraniumu, walitafuta lile jiwe jeusi la kobalti. Lakini mahali pale kobalti na uraniumu hukaa pamoja. Kijiji kikubwa kikasimama kando ya shimo, pamoja na soko, na wanawake na watoto.

Mwezi wa Januari 2004, amri ya rais ilikataza uchimbaji mahali pale. Watu waliendelea kuchimba, kwa sababu amri haikuleta kazi nyingine. Tarehe 8 Julai 2004 udongo ukaanguka, watu wanane wakafa. Ndipo askari walipokuja, kijiji kikabomolewa, na maelfu ya watu wakaambiwa waondoke. Wengi waliokaa pale walikuwa wamekuja juu ya njaa na vita, na sasa wakafukuzwa mara ya pili, juu ya mgodi. Msisahau jambo hilo: mgodi unaofunguliwa bila utaratibu unaweza kuzaa watu wasio na makao, na mgodi unaofungwa bila utaratibu unawazaa pia.

2. Hatari isiyoonekana kwa macho

Mwishoni mwa 2004, wajuzi wa Umoja wa Mataifa walikuja kupima. Waliona kwamba hatari ya haraka ilikuwa udongo kuanguka, kwa sababu watu walikuwa wanachimba bila nguzo juu ya njia za zamani. Lakini walisema pia kwamba kukaa na kuchimba pale muda mrefu ni hatari kwa afya.

Tueleze vizuri, kwa sababu maneno mengi ya uongo yanatembea. Jiwe la uraniumu haliui mtu kwa kuligusa mara moja. Halipasuki kama bomu. Lakini linatoa mionzi, ni kusema nguvu ambayo jicho halioni na pua hainusi. Hatari kubwa ni vumbi lake na hewa inayotoka ndani ya mawe, hewa inayoitwa radoni. Mtu akivuta hewa hiyo ndani ya shimo miaka na miaka, mapafu yake yanaweza kushikwa na kansa. Vumbi likiingia katika maji na chakula, linaingia mwilini. Ugonjwa hauji kesho. Unaweza kuja nyuma ya miaka kumi ao ishirini, wakati mnunuzi aliyelipa mfuko amekwisha kuondoka.

Hatari hiyo haikai ndani ya uzio. Mwaka 2007, mawe yenye mionzi yaliyokuwa yamekamatwa yalipaswa kurudishwa na kufukiwa Shinkolobwe. Badala yake yalitupwa katika mto Mura, karibu na Likasi, ambamo watu wanatumia maji. Kwa hiyo hata anayesema, "Mimi sichimbi, hayanihusu", apashwa kusikiliza.

3. Je, litafunguliwa tena?

Kila mara bei inapopanda, neno hili linatembea sokoni: "Shinkolobwe itafunguliwa." Mwezi wa Machi 2009, kompani ya Ufaransa Areva ilipatana na serikali yetu juu ya kutafuta uraniumu katika inchi. Miaka miwili nyuma yake, Machi 2011, ajali ya Fukushima huko Japani iliogopesha dunia, bei ikashuka, na mapatano yale hayakuzaa mgodi.

Lakini mambo yamegeuka tena. Mwezi wa Desemba 2023, katika mkutano wa dunia juu ya hali ya hewa kule Dubai, inchi zaidi ya ishirini zilitangaza kwamba zinataka kuongeza mara tatu umeme wa nyuklia mpaka 2050. Umeme huo unataka uraniumu. Tazameni wandugu zetu wa Malawi. Mgodi wao wa Kayelekera, katika wilaya ya Karonga, ulifunguliwa 2009, ukafungwa 2014 kwa sababu bei ilikuwa chini, na mwaka 2025 ukaanza tena kutoa uraniumu. Mgodi wa uraniumu uliofungwa haujafa. Unalala, na bei ndiyo inayouamsha.

Tazameni tena Niger. Karibu na mji wa Arlit, mgodi wa Akouta ulifungwa mwezi wa Machi 2021, nyuma ya kazi ya miaka zaidi ya arobaini. Kompani ilimaliza, lakini kadiri ya tani milioni 20 za mabaki yenye mionzi zilibaki kando ya watu. Kazi ilikuwa ya miaka arobaini. Mabaki yatakaa kuliko wajukuu wa wajukuu wetu.

Hatusemi kwamba mgodi ni mbaya siku zote. Vijana wanataka kazi. Likasi na Kambove wanataka barabara, maji na hospitali. Tunasema tu kwamba maswali yapashwa kuulizwa wakati mlango ungali umefungwa. Ukiisha kufunguliwa, anayeuliza anaitwa adui wa maendeleo.

4. Mwenyeji na mgeni

Sasa tufike mahali panapouma. Kule Katanga, jambo la migodi limekwisha kutugawanya. Mwaka 1992 na 1993, wakati kazi ya Gécamines ilipokuwa inaanguka na wanasiasa walipokuwa wanachochea, watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Likasi na Kolwezi. Wengine walizaliwa pale pale. Baba zao waliletwa na kompani wachimbe. Familia nzima zililala miezi katika gare ya Likasi wakingoja treni, na watoto na wazee wakafa njiani. Waliofukuza waliahidiwa kazi za waliofukuzwa. Je, Gécamines ilipata nguvu juu ya hiyo? Hapana. Iliendelea kuanguka, na mji ukabaki na nyumba tupu na mioyo yenye vidonda.

Tunakumbusha jambo hilo bila nia ya kufufua chuki. Tunalikumbusha kwa sababu habari ya mgodi kufunguliwa huleta maneno yale yale: "Hii ni mali yetu sisi wenye udongo, ninyi mlikuja tu." Na upande wa pili: "Sisi tulipoteza vyote katika vita, hamwezi kutuzuia kula." Wote wawili wana uchungu wa kweli. Lakini kama hawakuzungumza mbele, mtu wa tatu atawanunua wote wawili kwa bei ndogo.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ina maneno kwa pande mbili. Mwenyeji apashwa kumpa mgeni mahali pa kulima, na mgeni apashwa kushika jembe bila kudai shamba lote. Familia iliyopata kipande cha kulima haina haraka ya kupeleka mtoto shimoni. Kwa hiyo, shefu anayetafutia waliohama shamba dogo leo anazuia ugomvi wa kesho kwenye mgodi.

5. Shauri letu kwenu

Kwenu mashefu na wakubwa wa mahali. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwezi wa Machi 2018, inawapa nguvu ambazo babu zenu hawakuwa nazo. Katika ile kodi ambayo kompani inalipa juu ya madini inayouza, sehemu 50 kwa 100 ni za serikali kuu, 25 ni za jimbo, 15 ni za sheferi, sekta ao mji ambamo mgodi uko, na 10 ni za mfuko wa vizazi vijavyo. Tena, kompani inapashwa kutoa angalau franga 3 katika kila franga 1,000 za mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Inapashwa pia kuandikiana na wakaaji daftari la ahadi: shule gani, kisima gani, mwaka gani. Pesa hizo ni za watu wote, si za mfuko wa shefu. Someni hesabu yake mbele ya watu, mahali pa wazi, kila mwaka. Hesabu iliyosomwa wazi inazuia maneno ya wizi yasizaliwe.

Msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Mkiletewa karatasi ya Kifaransa, ombeni isomwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji, mbele ya wanawake na vijana pia. Anayewaharakisha kutia sahihi usiku ana sababu yake ya kuogopa mchana.

Kwenu familia mliohama. Hata kama hamkuzaliwa pale, mnakunywa maji yale yale na kuvuta vumbi lile lile. Ombeni kiti katika kikao cha mtaa. Chagueni mtu mmoja ao wawili, mwanaume na mwanamke, waseme kwa niaba yenu, na wenyeji wawajue kwa majina. Kanuni za madini za 2018 zinaagiza kwamba watu wanaohamishwa na mgodi walipwe na watafutiwe mahali pengine. Kwa hiyo andikeni wapi mnakaa, tangu lini, na mmejenga nini. Asiyeandikwa ni rahisi kusahauliwa.

Kwenu vijana. Amri ya 2004 ilikataza kuchimba Shinkolobwe, na watu wamekufa pale. Mfuko mmoja wa kobalti unaweza kununua unga wa wiki moja, lakini mnunuzi hatakulipia mapafu. Msipeleke nyumbani mawe ya pale, msiyatumie kwa kujenga, msiyaoshe katika mto ambamo mama zenu wanachota maji. Na mtu akiwaambia, "Tufukuzeni wale kwanza, ndipo mtapata kazi", kumbukeni gare ya Likasi.

Kwenu wote. Habari ya mgodi ikifika sokoni, msiipitishe kabla ya kuuliza. Mwendeeni shefu, na shefu aende kwa administrateri wa teritware, aulize kwa barua: nani ameomba, nani ameruhusu, nani amepima maji? Jibu likija, lisomwe mbele ya wote. Lisipokuja, hilo nalo lisemwe mbele ya wote.

Wandugu, mara nyingi shimo hili lilifunguliwa na kufungwa bila watu wa mahali kuulizwa. Mawe yalifika mbali sana, lakini neno letu halikufika hata Likasi. Kama siku moja litafunguliwa tena, mgodi usiwakute wenyeji upande mmoja na waliohama upande mwingine. Uwakute wote katika kikao kimoja, na orodha moja ya maswali.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika kijiji ao mtaa wetu, nani anakumbuka kufunguliwa ao kufungwa kwa mgodi? Ulileta nini, na uliondoka na nini?
2. Watu waliohama wana nani wa kuwasemea katika kikao chetu? Kama hawana, tutafanya nini wiki hii?
3. Maji tunayokunywa yanatoka wapi, na yanapita karibu na mabaki ya mgodi gani?
4. Kama kompani ingekuja kesho, maswali yetu matatu ya kwanza ni yapi? Yaandikeni, na shefu ayaweke.
5. Kipande gani cha udongo kinaweza kupewa familia zisizo na shamba mbele ya mvua kuanza?

Kaeni na amani, na muiletee jirani yenu.